Maandalizi ya ufunguzi katika sataranji ya kompyuta

Maandalizi ya ufunguzi katika sataranji ya kompyuta ni kazi ya kuchagua, kupima na kuhifadhi mapema hatua za mwanzo wa mchezo, ili programu ya kompyuta izicheze kutoka kwenye kumbukumbu badala ya kuzitafuta yenyewe wakati saa ya mashindano inakwenda. Hatua hizo huwekwa katika faili linaloitwa kitabu cha ufunguzi.

Kitabu hicho huiokolea programu muda, huiepusha na makosa ya mapema, na mara nyingine huipatia ushindi ambao isingeupata kwa kufikiri peke yake. Kinaweza pia kuiangusha ikiwa kina kosa, au kikiiacha katika hali isiyoielewa. Kutokana na hayo kuna swali ambalo limejadiliwa tangu programu zilipoanza kushindana: matokeo ya mchezo yanapima nguvu za programu, au yanapima bidii ya mtu aliyeiandaa? Mashindano mbalimbali yamelijibu swali hilo kwa kanuni tofauti.

Kwa nini mwanzo wa mchezo ni mgumu

Mchezo wa sataranji hugawanywa katika sehemu tatu: ufunguzi, mchezo wa kati na mchezo wa mwisho. Mwanzoni mchezaji mweupe ana hatua 20 za kuchagua: 16 za askari wake wanane na 4 za farasi wake wawili. Mweusi naye ana 20. Hivyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja kuna njia 400. Wakicheza mara mbili mbili, njia zinafika 197,281. Mweupe akicheza mara ya tatu, zinakuwa 4,865,609. Hakuna kitabu kinachoweza kuandika njia zote. Ni lazima kuchagua.

Programu ya sataranji, ambayo huitwa pia injini, ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni utafutaji: programu hujaribu hatua yake, jibu la mpinzani, jibu la jibu hilo, na kuendelea. Ya pili ni tathmini: ikifika mwisho wa utafutaji wake, hukadiria kwa tarakimu nani yuko katika hali bora. Njia hii hufaa sana pale ambapo matokeo ya hatua yanaonekana karibu, kama vile kete inapokaribia kuliwa au mfalme anapotishiwa. Katika ufunguzi mambo ni tofauti. Askari aliyesogezwa katika hatua ya 4 anaweza kuwa udhaifu unaojitokeza katika hatua ya 40, na programu haioni mbali kiasi hicho.

Wanadamu wamelizunguka tatizo hili kwa kurithishana uzoefu. Kwa zaidi ya miaka 500 wachezaji wameandika michezo yao, wakaona mianzo ipi inadumu na ipi inavunjika. Kitabu cha ufunguzi ni njia ya kumkabidhi mashine urithi huo.

Kitabu kinavyofanya kazi

Kitabu cha ufunguzi hakihifadhi maelezo wala sababu. Huhifadhi hali za ubao pamoja na hatua zinazopendekezwa kwa kila hali. Katika muundo maarufu wa faili uitwao Polyglot, kila ingizo huchukua baiti 16: baiti 8 za namba inayotambulisha hali ya ubao, baiti 2 za hatua, baiti 2 za uzito wa hatua hiyo, na baiti 4 zilizotengwa kwa ajili ya kujifunza. Kwa hiyo kitabu chenye maingizo 100,000 kina ukubwa wa takriban megabaiti 1.6 tu, na kinaenea katika simu ya kawaida.

Kutumia namba ya kutambulisha hali ya ubao badala ya orodha ya hatua kuna faida kubwa. Hali moja inaweza kufikiwa kwa njia nyingi. Mweupe anaweza kusogeza askari wa mbele ya malkia kwanza kisha farasi, au farasi kwanza kisha askari. Programu hutazama ubao ulivyo, wala haijali ulifikaje hapo.

Zamu ya programu inapofika, mambo hufuatana hivi:

1. Programu hutengeneza namba ya hali iliyopo.
2. Huitafuta namba hiyo kitabuni.
3. Ikiipata, huchagua mojawapo ya hatua zilizoorodheshwa kwa kuzingatia uzito wake, na hucheza papo hapo.
4. Isipoipata, husemwa kwamba imetoka kitabuni, na kuanzia hapo hufikiri yenyewe.

Uzito wa hatua huweza kutokana na mara ngapi imechezwa na wachezaji hodari, matokeo yake, au uamuzi wa mwandishi wa kitabu. Kuchagua kwa bahati nasibu iliyopimwa kwa uzito kuna lengo lake. Programu inayocheza hatua ile ile kila mara ni rahisi kuwindwa: mpinzani akishaishinda mara moja, anaweza kurudia mchezo mzima na kuishinda tena.

Vitabu hutengenezwa kwa njia tatu kuu. Vingine hukusanywa na kompyuta kutoka hifadhidata ya michezo ya wanadamu. Vingine huandikwa kwa mkono na mtaalamu, hatua kwa hatua. Vingine hutokana na injini zenyewe kucheza maelfu ya michezo na kubakiza njia zilizofanikiwa. Vitabu vya mashindano makubwa huchanganya njia zote tatu.

Faida katika mchezo wa mashindano

Faida ya kwanza ni muda. Tuseme kanuni inampa kila mchezaji saa 2 kwa hatua 40 za kwanza, yaani wastani wa dakika 3 kwa hatua. Programu ikicheza hatua 15 za mwanzo kutoka kitabuni bila kutumia muda, inabaki na dakika 120 kwa hatua 25 zilizosalia. Wastani unapanda kutoka dakika 3 hadi dakika 4.8 kwa kila hatua. Mpinzani asiye na kitabu amekwisha kutumia dakika 45 kufika mahali pale pale.

Faida ya pili ni usalama. Kuna mitego ya ufunguzi ambayo adhabu yake huja baada ya hatua nyingi. Kitabu kizuri huipitisha programu mbali nayo.

Faida ya tatu ni kuchagua uwanja. Programu moja inaweza kuwa bora katika hali za wazi zenye mashambulizi, nyingine katika hali zilizofungwa ambazo hudai subira. Mwandishi wa kitabu anayeijua programu yake huielekeza kwenye hali inazozimudu, na huwapeleka wapinzani kwenye hali zinazowasumbua.

Faida ya nne ni mshangao. Timu inaweza kuchimba ufunguzi mmoja kwa wiki kadhaa, ikagundua hatua mpya katika hatua ya 20, ikaificha mpaka siku ya mashindano. Mpinzani atalazimika kulitafuta jibu kwa dakika chache.

Hatari zake

Kitabu hakifikiri. Kikiwa na kosa, programu italicheza kosa hilo kwa haraka na bila kusita, hata kama ingeligundua kwa sekunde chache za kutafuta. Makosa ya aina hii huingia kwa urahisi pale kitabu kinapokusanywa kutoka michezo ya wanadamu, kwa kuwa mchezaji anaweza kushinda mchezo ambao ufunguzi wake ulikuwa mbaya. Ushindi wake unaipa hatua mbaya uzito mkubwa.

Hatari nyingine ni mahali pa kutokea kitabuni. Fikiria madereva wawili wanaopokezana basi kutoka Songea kwenda Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Wa kwanza anaijua kila kona hadi Mbinga. Wa pili anapaswa kuendesha kutoka milima ya Umatengo kushuka ziwani kwa kutazama barabara mwenyewe. Wa kwanza akilikabidhi gari stendi ya Mbinga, limesimama na ni zima, mwenzake ataendelea vizuri. Akilikabidhi likiwa katikati ya kona ya mteremko, ujuzi wake wote wa kilomita zilizopita hauna msaada. Kitabu nacho kinaweza kucheza hatua 18 sahihi kabisa, kisha kikaikabidhi programu hali inayohitaji mpango wa muda mrefu ambao programu haina. Hatua ya kwanza nje ya kitabu inaweza hata kumrudisha farasi mahali alipotoka, kwa sababu injini haikujua kwa nini alipelekwa pale.

Kwa sababu hiyo waandishi wa vitabu hawapimi ubora wa ufunguzi kwa wanadamu peke yake. Huiacha programu icheze kutoka kila mwisho wa njia, na njia isiyoiwezea huikata hata kama inasifiwa na mabingwa.

Historia

Miaka ya mwanzo

Mashindano ya kwanza ya dunia ya sataranji ya kompyuta yalifanyika Stockholm, Uswidi, mwaka 1974, na mshindi alikuwa programu ya Kisovyeti iliyoitwa Kaissa. Programu za wakati huo zilikuwa na vitabu vidogo, na udhaifu wao mkubwa ulionekana pale zilipotolewa nje ya vitabu hivyo.

Aliyeutumia udhaifu huo kwa mafanikio ni David Levy, mchezaji wa Uskoti. Mwaka 1968 aliweka dau na wanasayansi wa akili bandia kwamba hakuna programu itakayomshinda katika shindano ndani ya miaka 10. Mwaka 1978, huko Toronto, Kanada, alicheza na Chess 4.7 kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akashinda kwa pointi 3½ dhidi ya 1½. Mbinu yake ilikuwa kucheza hatua tulivu na zisizo za kawaida mapema, ili mashine ikose hatua za kukariri na ibaki katika hali zisizo na shabaha ya karibu. Tangu hapo mbinu ya kuitoa kompyuta kitabuni ikawa silaha ya kawaida ya wanadamu.

Deep Blue na Kasparov

Mfano unaojulikana zaidi ni shindano la New York la mwaka 1997 kati ya bingwa wa dunia Garry Kasparov na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM. Mwaka uliotangulia, huko Philadelphia, Kasparov alikuwa ameshinda kwa 4–2. Katika marudiano Deep Blue iliweza kukagua takriban hali milioni 200 kwa sekunde. Hata hivyo IBM haikuitegemea kasi hiyo peke yake katika ufunguzi. Kitabu chake kiliandikwa kwa mkono, hasa na grandmasta Joel Benjamin, akisaidiwa na Nick de Firmian, John Fedorowicz na Miguel Illescas. Kilikuwa na takriban hali 4,000. Pembeni yake kulikuwa na kitabu kirefushi kilichotokana na michezo 700,000 ya wachezaji hodari. Hicho hakikuilazimisha mashine kucheza hatua fulani, bali kiliisukuma kuelekea hatua zilizokuwa na rekodi nzuri.

Kasparov alijua kwamba anakabiliana na maandalizi ya watu. Katika mchezo wa tatu alianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya malkia mraba mmoja tu, hatua ambayo mabingwa huichagua kwa nadra sana, ili kuiondoa mashine katika njia zilizoandaliwa. Mchezo huo uliisha kwa sare.

Mchezo wa sita, wa mwisho, ulianza huku wakiwa sawa kwa pointi 2½ kila mmoja. Kasparov, akiwa mweusi, alichagua ulinzi wa Caro-Kann. Katika hatua ya 7 alisogeza askari wake hadi h6, hatua ambayo humruhusu mweupe kumtoa farasi kafara katika mraba wa e6. Kafara hiyo haileti faida ya haraka inayoonekana, na programu za wakati huo zilijulikana kwa kutopenda kutoa kete bila malipo ya karibu. Deep Blue ilimtoa farasi mara moja. Hatua hiyo ilikuwa kitabuni. Miaka mingi baadaye Illescas alisimulia kwamba waliiingiza asubuhi ya siku ile ile. Kasparov alijiuzulu baada ya hatua 19, na Deep Blue ikashinda shindano kwa 3½–2½.

Kwa hiyo mchezo uliotangazwa duniani kote kama ushindi wa mashine dhidi ya mwanadamu uliamuliwa, katika hatua yake muhimu, na uamuzi wa wanadamu. Hilo halifuti uwezo wa Deep Blue, kwani baada ya kafara ilipaswa kuendeleza shambulizi yenyewe na ililiendeleza vizuri. Lakini linaonyesha jinsi ilivyo vigumu kutenganisha mashine na mwandalizi wake.

Vitabu vya kuwinda wapinzani

Katika miaka ya 1990 programu za biashara zilishindana kwa nafasi katika orodha za ubora, ikiwemo orodha ya chama cha Uswidi kiitwacho SSDF, zilizotokana na michezo mingi ya programu kwa programu. Nafasi ya juu ilisaidia mauzo. Baadhi ya watengenezaji wakaanza kuandika njia zilizolenga programu fulani tu: walitafuta mahali ambapo toleo la mpinzani lililokuwa sokoni hukosea kila mara, wakaliandika kitabuni hadi ushindi. Programu ilipanda katika orodha bila kuwa imeongeza uwezo wa kufikiri.

Jibu moja lilikuwa kuzipa programu uwezo wa kujifunza kutokana na kitabu chao. Robert Hyatt, mtengenezaji wa programu ya Crafty, alieleza njia ambayo programu hutazama tathmini zake katika hatua za kwanza baada ya kutoka kitabuni. Zikionekana mbaya, hupunguza uzito wa njia iliyoifikisha hapo, na haitaichagua kwa urahisi tena. Hivyo kosa linaweza kuadhibiwa mara moja, lakini si mara kumi.

AlphaZero na Stockfish

Mwezi Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake, AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake bila kitabu wala michezo ya wanadamu, iliishinda Stockfish katika michezo 100 kwa ushindi 28 na sare 72. Wakosoaji walisema masharti hayakuwa ya haki, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba Stockfish ilichezeshwa bila kitabu cha ufunguzi. Katika makala iliyochapishwa Desemba 2018 katika jarida la Science, DeepMind ilitoa matokeo ya michezo 1,000, ambamo AlphaZero ilishinda 155 na kushindwa 6. Safari hii iliongeza pia michezo iliyoanzia katika funguzi zilizopangwa, na mingine ambamo Stockfish ilitumia kitabu. AlphaZero iliendelea kushinda.

Jambo lingine lililovutia ni kwamba AlphaZero, ikijifunza peke yake, iligundua upya funguzi nyingi ambazo wanadamu wanazitumia. Urithi wa karne nyingi haukuwa wa kubahatisha.

Kanuni za mashindano

Kuna mitazamo miwili mikuu.

Mtazamo wa kwanza unasema kitabu ni sehemu ya programu. Katika Mashindano ya Dunia ya Sataranji ya Kompyuta kila timu ilikuja na kitabu chake na mwandishi wake. Majina kama Jeroen Noomen wa Uholanzi na Alexander Kure wa Austria yalijulikana kwa kazi hiyo. Kwa mtazamo huu, mshindi ni timu nzima: waandishi wa programu, mwandishi wa kitabu na mashine.

Mtazamo wa pili unataka kupima kufikiri kwa injini peke yake. Njia yake ni kuwapa wapinzani wote ufunguzi mmoja uliochaguliwa na mwandalizi, kisha kuucheza mara mbili kwa kubadilishana rangi. Ufunguzi ukimpendelea mweupe, kila injini inaupata upendeleo huo mara moja. Hivi ndivyo yanavyoendeshwa mashindano ya TCEC yaliyoanza mwaka 2010 kwenye intaneti. Fainali yake kuu ina michezo 100, yaani funguzi 50, kila mmoja mara mbili.

Kanuni hii imezaa tatizo jipya. Injini za sasa, hasa tangu Stockfish 12 ilipoanza kutumia mtandao wa neva mwaka 2020, ni imara kiasi kwamba zikianza kwenye hali ya kawaida karibu kila mchezo huisha kwa sare. Kwa hiyo waandalizi huchagua kwa makusudi funguzi zisizo sawa. Hapo kipimo kinahitaji busara:

- Ufunguzi ukiwa sawa mno, michezo yote miwili huisha kwa sare, na matokeo ni 1–1.
- Ufunguzi ukiwa mbaya mno kwa mweusi, kila injini hushinda ikiwa nyeupe, na matokeo ni 1–1 vilevile.
- Ufunguzi ukiwa kwenye mpaka kati ya sare na kushindwa, injini bora inaweza kushinda ikiwa nyeupe na kuokoa sare ikiwa nyeusi. Matokeo ni 1½–½, na tofauti ya nguvu inaonekana.

Wachezaji wa drafti walikutana na tatizo hili zamani. Katika drafti ya Kiingereza na ya Kimarekani, inayochezwa kwenye miraba 64, mabingwa walitoa sare nyingi mno. Tangu miaka ya 1930 hatua tatu za kwanza za michezo yao mikubwa huamuliwa kwa kura. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti hiyo ni sare pande zote mbili zikicheza bila kosa.

Njia nyingine ya kukwepa maandalizi ni kubadili mpangilio wa kete wenyewe. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia kutoka Marekani, alitangaza mwaka 1996 aina ya sataranji ambamo kete za mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati nasibu. Kuna mipangilio 960, na hakuna anayeweza kuikariri yote.

Ulinganisho na bao

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Tanzania na wa Malawi, mchezo wa fikra uliozoeleka zaidi kuliko sataranji ni bao, ambalo upande wa Malawi huitwa bawo. Bao la Kiswahili linasaidia kuonyesha kwamba umuhimu wa maandalizi hutegemea umbo la mchezo.

Ubao una mashimo 32 katika safu 4, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki mkononi. Hatua ya kwanza ya mchezo ni namua, ambapo kila zamu mchezaji huingiza kete moja ya mkononi. Zikiisha huanza mtaji. Katika Bao la Kujifunza, kwa upande mwingine, kila shimo huanza na kete 2 na hakuna namua.

Tofauti na sataranji zinajitokeza haraka. Katika sataranji hatua moja kwa kawaida hubadili miraba miwili tu, na mchezaji anaweza kushika picha ya ubao kichwani. Katika bao zamu moja inaweza kuzunguka na kubadili mashimo mengi, hivyo njia mbili zinazokaribiana hutengana ghafla. Pia sheria ya kulazimika kula pale inapowezekana hupunguza uhuru wa kuchagua. Zaidi ya hayo, bao hurithishwa kwa kutazama na kucheza barazani, wala si kwa kusoma michezo iliyoandikwa. Programu ya bao haina maktaba ya karne tano ya kutengenezea kitabu.

Watafiti wamelishughulikia jambo hili. Alex de Voogt wa Uholanzi aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika kuhusu kutengeneza programu ya bao, na mwaka 2003 Donkers alilitumia bao katika utafiti wa namna programu inavyoweza kumsoma mpinzani wake. Mchezo mwingine wa jamii ya bao, awari wa Afrika Magharibi, ulikokotolewa wote mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam, wakaonyesha kwamba ni sare pande zote zikicheza bila kosa. Mchezo uliokokotolewa wote hauna tena haja ya kitabu cha ufunguzi, kwa kuwa kompyuta inalo jibu la kila hali.

Umuhimu kwa wanafunzi

Stockfish ni programu huria isiyolipiwa, na zipo programu za simu zinazoitumia bila kuhitaji intaneti. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010, hutoa bure orodha ya funguzi pamoja na takwimu za matokeo yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari wa Mbinga au wa wilaya ya Nyasa, iliyotengwa kutoka Mbinga mwaka 2012, anaweza kuifikia hazina ambayo miaka ya 1990 ilikuwa ya timu za makampuni.

Historia ya vitabu vya kompyuta ina funzo kwa anayejifunza. Mwanafunzi anayekariri hatua 12 bila kujua sababu zake anafanana na programu inayotoka kitabuni katika hali isiyoielewa: mpinzani akicheza hatua isiyotarajiwa katika hatua ya 5, kazi yote ya kukariri inabaki bila matumizi. Mazoezi yanayofaa ni kufuata njia chache, kusimama mwisho wa kila njia, na kujibu maswali matatu kabla ya kuwasha injini: kete zipi bado hazijatoka, mfalme yupi yuko salama zaidi, na ni askari yupi anayeweza kushambuliwa. Kisha injini hutumiwa kusahihisha majibu.

Hata mwandishi wa kitabu cha programu hufanya vivyo hivyo. Huuliza kama programu yake itaweza kuendelea kutoka pale njia inapokoma. Ikiwa haiwezi, huifuta njia hiyo, hata kama ni ndefu na nzuri.

Tazama pia

- Sataranji
- Bao (mchezo)
- Drafti
- Akili bandia
- Garry Kasparov
- Deep Blue